“Utaniandika wapi?”

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Busia upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuoka mikate. Kuoka nilijifunzia Nairobi, mtaa wa Eastleigh, nilikoajiriwa miaka minne kabla ya kurudi nyumbani mwaka 2017 nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Tuliporudi, mume wangu alikuwa amepoteza kazi ya kuendesha lori na tulikuwa tunakula kwa kubahatisha.

Siku moja mwaka 2018 wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliniita jikoni kwake. Akatoa pesa zilizofungwa ndani ya leso, shilingi 4,500,000. Zilikuwa za kiinua mgongo cha marehemu mume wake. Akaniambia, “Shika, msife njaa.” Basi. Hakusema ni mkopo, hakusema ni zawadi, wala mimi sikuuliza. Akanipa na banda lililo nyuma ya nyumba yake, alilokuwa akifugia kuku. Tukalisafisha wote wawili, fundi akajenga tanuri la matofali. Siku ya kwanza nilioka mikate 12 na ikaisha kabla ya saa nne asubuhi. Wifi akachukua mkaa akaandika ukutani: MIKATE 12, YOTE IMEISHA. Hayo maandishi yapo mpaka leo.

Sasa naoka mikate 80 kwa siku, siku sita kwa wiki, nauzia maduka kwa 3,000 mmoja. Nina vijana wawili wa kunisaidia. Saa tisa usiku niko macho nakanda unga. Tangu mwaka 2020, kila Jumamosi nampa wifi 25,000 na mikate miwili. Kwa hesabu yangu, ile pesa yake nimeshairudisha na ziada, ingawa hatujawahi kulizungumza.

Mwezi uliopita supamaketi moja ya Tororo iliniita. Wanataka mikate 400 kwa wiki, watanunua kwa 2,800, na watalipa baada ya siku 45. Lakini wana masharti: biashara iwe imesajiliwa, niwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, niwe natoa risiti za EFRIS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, na mkate uwe na ile alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango. Niliposema sina hata kimoja, mtu wao wa manunuzi akaninong’oneza kwamba wapo watu wa kuazimwa risiti, nitafute mmoja.

Mume wangu alisoma mahali kwamba Benki ya Dunia iliiweka Uganda nafasi ya 116 kati ya nchi 190 kwa urahisi wa kufanya biashara. Akasema, “Unaona? Ukijiandikisha umejiita mwenyewe. Kodi itakula unga, itakula na hamira.” Na mimi naogopa. Kwa sasa shida yangu ni kijana mmoja anayepita kila Ijumaa, nampa 10,000 ya chai, anaenda zake. Hana risiti, ila nimemzoea.

Hata hivyo nilienda kwa kijana mwenye kompyuta akanifungulia ukurasa wa usajili. Tukafika mahali pa jina la mwenye biashara. Hapo nikamwambia asubiri.

Jioni nikamweleza wifi, tukiwa tunakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaniuliza, “Utaniandika wapi?” Nikakosa jibu. Akainuka akaenda kulala. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikamtuma mtoto na 25,000 na mikate yake miwili. Mikate akaipokea, pesa akairudisha. Jumamosi mbili zimepita hivyo. Na mwanawe aliyeko Kampala amempigia mume wangu simu akiuliza “biashara ya mama” inaendeleaje. Biashara ya mama!

Wifi ndiye aliyemlea mume wangu tangu akiwa darasa la nne walipofiwa na wazazi. Kwa hiyo mume wangu hasemi kitu. Ananiambia, “Hayo ni yenu ninyi wanawake.”

Mshauri, niandike jina langu peke yangu wapige kelele wachoke? Au niandike jina lake nipoteze jasho langu la miaka saba? Au niachane na supamaketi nibaki kama nilivyo? Wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Mwokaji,
Busia

*

Dada yangu Mwokaji,

Barua yako nimeisoma usiku, nikarudi kuisoma asubuhi nikiwa na mkate mezani, na nakiri mara hiyo ya pili niliutazama mkate kwa heshima zaidi. Pole kwa hizo Jumamosi mbili. Najua uzito wa pesa inayorudishwa mlangoni.

Umenieleza mambo mawili ukayafunga furushi moja. La kwanza ni la karatasi: usajili, TIN, risiti, alama ya Q, na hofu ya kodi. La pili ni la wifi. Unaniuliza kama lile la kwanza linafaa huku la pili likiwa limekaa mlangoni. Nionavyo mimi, hukusimama mbele ya kompyuta kwa sababu fomu ilikuwa ngumu. Ulisimama ilipokuuliza jina la mwenyewe, na hilo ni swali ambalo ninyi watatu mmelizunguka tangu 2018.

Nianze na ile namba ya mume wako, maana imewatisha bure. Ni kweli, katika ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 Uganda ilikuwa ya 116. Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56, Tanzania ya 141. Lakini mwambie na mengine mawili. Ripoti ile ilisimamishwa kabisa Septemba 2021 baada ya kugundulika kwamba takwimu za baadhi ya nchi zilikuwa zimechezewa. Na hata kabla ya hapo, walichokuwa wakipima ni kampuni ya mfano katika mji mkubwa wa biashara, kwa Uganda maana yake Kampala: siku ngapi, hatua ngapi, gharama gani. Hakuna aliyefika Busia kupima inamchukua siku ngapi mwanamke kumwambia wifi yake kwamba anataka kuandikisha biashara iliyoko nyuma ya nyumba yake.

Kujisajili kwenyewe siku hizi kunafanyika mtandaoni kupitia URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, kama ulivyoona, na ukikwama wana ofisi Mbale. Ada ya kusajili jina la biashara haifiki bei ya gunia la unga wa ngano. TIN ni bure. Leseni ya biashara ni jambo la halmashauri ya mji wenu na ada yake hutegemea aina ya kazi, kaulize. Kazi nzito kidogo ni ya UNBS, kwa sababu wao hawaishii kwenye karatasi: watakuja kuangalia banda, watachukua mkate wakaupime, na cheti hufanywa upya kila mwaka. Nitalirudia hilo banda, kwa maana nadhani ndipo kidonda kilipo.

Kodi je? Chukua daftari. Mikate 80 kwa 3,000, siku sita, ni 1,440,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni karibu milioni 75. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayajafika milioni 150 hutozwa kwa mauzo, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020. Anayeuza kati ya milioni 50 na 80 na ana kumbukumbu za mahesabu hulipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50. Kwako wewe inakuja kama 330,000 kwa mwaka. Ukikosa kumbukumbu ni 400,000. Sasa mchukue yule kijana wa Ijumaa. Elfu kumi mara wiki 52 ni 520,000, na mwisho wa mwaka huna hata kipande cha karatasi cha kuonyesha. Sitakudanganya kwamba ukiwa na leseni atapotea. Wengine huja hata ukiwa umebandika vyeti ukuta mzima. Ila utakuwa na cha kumwonyesha, na atakayemwogopa mwenzake huenda asiwe wewe tena.

Ukiongeza supamaketi, hesabu inabadilika. Mikate 400 kwa 2,800 ni 1,120,000 kwa wiki, zaidi ya milioni 58 kwa mwaka. Jumla unakaribia milioni 133, na kodi yako yenye kumbukumbu inasogea kwenye 730,000. Bado unaiweza. Lakini tazama ulikosimama: milioni 17 tu chini ya ule mstari wa milioni 150 ambao ukiuvuka unatakiwa kujisajili kwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na kule hesabu ni za aina nyingine. Mteja mmoja zaidi wa namna hiyo na umevuka.

EFRIS nayo ilikuwa lazima kwa waliosajiliwa VAT kuanzia Januari 2021, na si wewe peke yako unayeiogopa. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kikuubo pale Kampala walifunga maduka kwa ajili yake. Supamaketi inakudai risiti hiyo kwa sababu yenyewe inahitaji kuionyesha URA, mamlaka ya mapato, mali yake imeinunua wapi. Nenda ofisi ya URA hapo mjini kwenu ukaulize mtu wa kiwango chako anaingiaje. Kuuliza hakumfungui mtu jela. Kuazima risiti kunaweza. Hilo la mtu wa manunuzi kukunong’oneza limenisumbua kuliko masharti yote aliyokupa: mauzo yako yatakuwa kwa jina la mwingine, mwenye risiti atakuwa amekushika shati, na siku mambo yakiharibika yule aliyenong’ona atasema hakukujua. Jiulize pia, mteja anayeanza uchumba kwa neno hilo atakuwa wa namna gani baada ya harusi.

Maana kuna jambo umelitaja kwa mstari mmoja ukapita mbio, siku 45. Wewe unga unaununua kwa pesa mkononi. Wao wanataka mali kauli. Kabla hujapokea shilingi ya kwanza, utakuwa umewapelekea mikate ya karibu milioni 7. Pesa ya unga, kuni na mishahara ya vijana itatoka wapi? Ukienda kwa mkopeshaji mwenye leseni, serikali iliweka kikomo cha riba asilimia 2.8 kwa mwezi mwishoni mwa 2024. Kwa milioni 7 hiyo ni 196,000 kila mwezi, na wasio na leseni hawajui kikomo. Wapo waliowahi kuungua. Supamaketi za Uchumi kutoka Kenya zilipofunga maduka yake ya Uganda Oktoba 2015, waliokuwa wamewauzia kwa mali kauli walibaki wanafuatilia madai. Afadhali kwako deni la kiasi hicho liko chini ya milioni 10, kwa hiyo unaweza kulipeleka mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo bila wakili. Lakini mahakama haikandi unga. Je, umewauliza kama wanaweza kuanza na mikate 150, walipe baada ya wiki mbili? Mtu anayeomba mkate wako ana shida nao pia. Barua yako inasomeka kana kwamba wao ndio wenye masharti yote na wewe ni wa kuitikia tu.

Sasa wifi.

Umeandika kwamba alikuuliza, “Utaniandika wapi?” na tangu hapo umelichukua kama kukataliwa. Nimelisoma hilo swali mara nyingi. Huenda ni lawama, mimi sikuwepo mezani. Lakini huenda ni swali kama lilivyo. Mama mjane aliyetoa kiinua mgongo cha mumewe anasikia kuna karatasi yenye nafasi ya jina, anauliza lake linakaa wapi. Ukajibu kwa kimya. Na kimya, mbele ya mtu aliyelea ndugu zake, kina sauti kubwa sana.

Ameipokea mikate akairudisha pesa. Hilo nalo litazame vizuri. Kama angekuwa amekukataa, angerudisha vyote. Sijui kwa hakika anamaanisha nini, ila ningekuwa mahali pako ningejiuliza: ile 25,000, tangu lini imekuwa na jina, na jina lake ni lipi? Kwako ni deni linalolipwa. Tuseme ni miaka mitano, inafika 6,500,000, na ndiyo maana unasema umerudisha na ziada. Kwake inaweza kuwa faida ya mtu aliyeweka mtaji. Au inaweza kuwa shukrani tu, kitu mtu anachompa mkubwa wake, ambacho hakihesabiwi. Na kuna hesabu ya tatu ambayo hukuiandika. Hilo banda umekaa miaka saba bila kodi ya pango. Tukadirie kodi ndogo tu, 80,000 kwa mwezi: ni 6,720,000. Ukiiweka juu ya Jumamosi zako zote, zinafutana, na ile 4,500,000 ya kwenye leso bado imekaa pale pale. Sisemi hesabu yake ni sahihi na yako ni ya uongo. Nasema kila mmoja wenu anaweza kukaa na daftari lake usiku na akatoka na jibu safi linalompa haki.

Jasho lako ni la kweli. Saa tisa usiku si mchezo, na ujuzi wa Eastleigh uliuleta wewe. Mtu asikunyang’anye hilo, hata yule kijana wa Kampala na “biashara ya mama” yake. Ingawa, kwa haki, sijui kama alisema kwa tamaa au ndivyo alivyozoea kumsikia mama yake akiitaja.

Njia unazo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kusajili jina la biashara kwa jina lako peke yako. Ni haraka, unawahi mwisho wa mwezi. Ila jina la biashara si ngao: madeni ya biashara ni madeni yako. Na kumbuka watu wa UNBS watakapokuja. Watataka kuta zinazoosheka, dari, sakafu isiyo na nyufa, pengine maji ndani. Hizo pesa utazimwaga kwenye banda lililo kwenye kiwanja cha mtu ambaye hapokei pesa zako. Siku akikwambia utoke, utabeba trei na unga. Tanuri halibebeki. Unaweza kukodi mahali pengine ujenge upya, na huenda ndiko mtakakofika, lakini kwa sasa hilo ni tanuri jipya, kodi mpya na wateja wa mtaani walioshazoea harufu ya pale.

Mnaweza kuwa wabia, majina mawili. Wifi atakuwa ameandikwa, na sauti yake itakuwa na mahali pa kukaa. Je, anajua kwamba katika ubia wa kawaida kila mbia anabeba madeni mpaka mali yake binafsi? Supamaketi ikikwama na mkopeshaji akaja, nyumba yake iko mezani. Na ubia huvunjika mmoja akifariki, msipokuwa mmeandika vingine. Hayo ni mambo anayostahili kuyajua kabla hajafurahi au kukasirika.

Kampuni yenye hisa, chini ya sheria ya 2012, inawapa nafasi ya kuandika wewe una ngapi na yeye ana ngapi, na deni la kampuni kwa kawaida hubaki la kampuni. Lakini kuna taarifa za kuwasilisha kila mwaka, kuna gharama za mtu wa mahesabu, na hisa hurithiwa. Yule kijana wa Kampala siku moja anaweza kuwa mwenzako kwenye meza. Huenda likawa jambo jema. Humjui vya kutosha kusema, nami simjui kabisa.

Kuna pia njia ya kukaa chini na kukubaliana kwamba ile pesa ilikuwa mkopo na banda ni la kupanga, mkaandika kiasi, mkasaini mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akagonga muhuri. Sheria ya mikataba ya 2010 inataka makubaliano yanayozidi 500,000 yawe ya maandishi, kwa hiyo si jambo la kuona aibu kulipendekeza. Hapo biashara inabaki yako na yeye ana karatasi mkononi. Mwiba wake ni mchungu kuliko yote, nadhani: kumwambia mtu aliyesema “msife njaa” kwamba sasa unataka kumlipa mpaka senti ya mwisho ni karibu na kumwambia mmeachana. Inategemea unavyolisema, na inategemea yeye analisikiaje.

Na unaweza kuiacha supamaketi. Mikate 80 kwa siku inalisha nyumba. Wala usione haya. Ila usidhani ukiiacha lile swali litarudi kulala. Limeshaulizwa. Siku yoyote mmoja wenu akiugua, au kile kiwanja kikitafutiwa mnunuzi, litaamka tena, na litajibiwa na watu ambao hawakuwepo siku ya leso.

Nimemuacha mume wako mwisho kwa makusudi. Anasema hayo ni yenu wanawake. Lakini pesa ilitoka kwa dada yake ikaingia kwa mke wake ili watoto wake wale. Kama kuna mtu hayo ni yake, ni yeye. Naelewa anavyobanwa: mmoja alimlea, mwingine anazeeka naye. Simwombi achague upande. Muulize tu swali dogo: wakati ule 2018, dada yake alimwambia nini kuhusu ile pesa? Inawezekana kuna maneno yalisemwa ambayo wewe hukuyasikia. Usiende kwa wifi kabla hujalijua hilo.

Kuhusu mwisho wa mwezi: ni tarehe ya supamaketi, haijawa tarehe yako. Unaweza kuwaandikia ujumbe leo kwamba unashughulikia karatasi na ukaomba muda. Alama ya Q peke yake haipatikani kwa wiki mbili, na wao wanalijua hilo.

Halafu kuna ule ukuta. UNBS wakija, au hata ukiamua tu kulifanya banda liwe safi zaidi, utaita fundi, na fundi atapaka rangi juu ya yale maandishi ya mkaa. Katika miaka saba yote, hayo ndiyo maandishi pekee ya biashara hiyo, na ni ya mkono wa wifi. Kabla rangi haijafika, ningemwomba aje. Si Jumamosi, maana Jumamosi sasa ina pesa ndani yake. Jumatano hivi, jioni, tanuri likiwa limepoa. Chemsha chai. Mwonyeshe ukuta, mwulize anakumbuka nini kuhusu siku ile, kisha umwache azungumze mpaka amalize. Habari za TIN usizitaje jioni hiyo.

Mshauri wako